Mashahidi Wote Ni Mimi

Mhariri alikuwa anapiga watu. Naanzia hapo kwa sababu siku hizi nasikia akisifiwa kwenye mikutano ya waandishi kana kwamba alikuwa padre, na wengi wa wanaomsifu hawakuwahi kupanda zile ngazi za ofisi yake wakiwa na mswada kwapani. Mimi nilizipanda. Nilimjua kwa miaka mingi, nikafanya kazi naye, nikamchukia, nikamrudia. Jina lake sitalitaja. Lilichapishwa mara nyingi mno katika kitabu kimoja, na kila lilipochapishwa alililipia kwa mwili wake, kwa hiyo naona nilipumzishe.

Ofisi ilikuwa katikati ya mji wa Eldoret, ghorofani, juu ya duka la vitambaa la mzee mmoja Msomali tuliyemwita Hajji. Chini Hajji alipima kitambaa, juu Mhariri alirusha viti. Dari lilipotetemeka wateja wageni walitaka kukimbia, na Hajji akawatuliza, akawaambia huko juu kuna mtu anatengeneza vitabu. Uani, nyuma ya jengo, kulikuwa na mashine kuukuu ya Mhariri ya kuchapa, na mafundi wa mashine ile hakuwagusa hata siku moja. Aliwapiga waandishi tu. Alisema fundi akikosea unaliona kosa siku hiyo hiyo, lakini mwandishi akikosea, kosa lake linafundishwa watoto shuleni miaka nenda miaka rudi.

Mswada wako hakuusoma yeye. Wewe ndiye uliyemsomea. Ulisimama mbele ya meza, ukasoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza, naye akasikiliza, rula ya chuma mkononi. Ukifika kwenye sentensi ya uongo, au ya kujionyesha, rula ilishuka mezani. Ukiendelea vile vile, ilishuka juu ya mswada wenyewe, karatasi zikaruka. Ukizidi, ilikuwa bega lako. Sitii chumvi. Nina kovu dogo hapa karibu na shingo, nililolipata kwa sababu ya sentensi iliyoanza na "Kwa mujibu wa wataalamu mbalimbali." Aliniuliza wataalamu gani, nikasema mbalimbali, akanichapa.

Usiniulize mbona watu walirudi. Walirudi kwa sababu mswada uliotoka mikononi mwake ulisomeka. Miaka ile kila mwenye shahada alitaka kitabu. Chuo kikuu kilikuwa kimetufikia huku kwetu, walimu wake walitafuta vyeo, na cheo kilitaka machapisho. Basi mtu alichukua tasnifu yake, akaibandika jalada, akaileta na majedwali yake yote. Mhariri aliita hiyo maiti iliyovalishwa suti. Aliwaambia kwamba tasnifu inaandikwa kwa ajili ya watu wachache ambao wanalipwa kuimaliza, na kitabu kinaandikwa kwa ajili ya mama aliyechoka ambaye anaweza kukifunga wakati wowote akaenda kulala. Halafu aling'oa sura ya pili. Hiyo ndiyo ile sura ya kueleza nani alisema nini kabla yako. Aliing'oa kwa mkono, akaitupa dirishani, na msomi wa watu akashuka mbio kuokota kurasa zake katikati ya mikokoteni ya viazi.

Ushauri wake mwingine ninao mpaka leo. Alisema vivumishi ni watu wanaokuja matangani kula. Alisema mahali panapouma paandikwe kwa maneno machache, na mwandishi atoke hapo haraka, asisimame kulia mbele ya mwenye msiba. Alisema ukitaka kujua kama sura imeisha, mwangalie anayekusikiliza, usiangalie karatasi. Haya yote aliyasema kwa kufoka, mate yakiruka, na ungedhani anatukana mamako.

Kitu alichokichukia kupita vyote ni dibaji za wakubwa. Chama kilikuwa kimoja, na waandishi walijua kuwa kitabu chenye picha ya Rais ukurasa wa mbele na dibaji ya mheshimiwa hakisumbuliwi na mtu. Mheshimiwa mwenyewe hajafungua hata jalada. Siku moja mwalimu mkuu fulani, mtu mzima mwenye mvi, alileta dibaji ya waziri kabla hajaandika kitabu chenyewe. Mhariri alimshika kola, akamkandamiza ukutani, akaanza kumlisha ile karatasi kipande kwa kipande, na mzee wa watu alikuwa ameshameza kadhaa wakati Hajji alipopanda kuwaachanisha. Nilikuwepo. Nilicheka, halafu nikaogopa, maana mwalimu mkuu yule angeweza kwenda kusema mahali. Hakusema. Nafikiri aliona aibu kueleza alichokula.

Mara nyingine alipigwa yeye. Kulikuwa na uzinduzi wa kitabu katika ukumbi mmoja mjini, kwaya imeimba, soda zimegawanywa, na mgeni wa heshima akasimama kusema jinsi alivyokisoma kitabu hicho kikamtoa machozi. Mhariri akanyoosha mkono kutoka nyuma akamuuliza sura ya tatu inahusu nini. Vijana wa chama waliokuwa mlangoni walimfuata kwenye kiti chake, wakamtoa nje kwa mateke, wakamwangusha mtaroni, wakampiga huko mpaka viatu vyao vikajaa matope. Jumatatu nilimkuta ofisini jicho limefumba, anakunywa chai ya rangi, akaniambia sura ya tatu haikuwepo, mwandishi alikuwa ameruka kutoka ya pili hadi ya nne na hakuna aliyegundua.

Lakini usidhani alikuwa malaika mbele ya chama. Mtu huyo huyo ndiye aliyechapa kalenda za chama, na hotuba za chama, na mabango ya chama. Mashine yake iliishi kwa hayo. Nilipomuuliza haoni haya, akanijibu kwamba kalenda hizo ndizo zitakazonunua karatasi ya kitabu changu, na kama sizitaki basi nikachapishe kwenye majani ya migomba. Nilikasirika.

Tena, kwa ukali wake wote, hakuweza kuona damu. Kuna daktari mmoja wa falsafa aliyeleta mswada ambao sehemu kubwa ilikuwa kazi ya mwanafunzi wake, msichana aliyekuwa amefariki kwa ajali. Mhariri aliusikiliza wote, rula imetulia, nikadhani ameupenda. Kumbe msichana yule aliwahi kusimama mahali pale pale akisoma maneno yale yale. Daktari alipomaliza, Mhariri alizunguka meza, akamzaba kofi lililomwangusha, akamkanyaga mkono anaoandikia, akamwinua akamtwanga ngumi ya pua. Damu ikatoka, Mhariri akaiona, macho yakampinduka, akaanguka chini kama gunia la mahindi. Daktari yule, pua inachuruzika, ndiye aliyemmwagia maji. Eldoret nzima ilicheka. Kitabu kilitoka kwa jina la marehemu.

Sasa nifike kwenye habari ya shukrani, maana hapo ndipo tulipokosana.

Kila kitabu cha utafiti huwa na ukurasa wa shukrani, pale mtafiti anapowataja waliomsaidia. Na chini ya kurasa kuna tanbihi, yale maandishi madogo ya kuonyesha ulimhoji nani na wapi. Bila hayo wasomi wenzako hawakuamini. Mhariri aliyakata yote kwa wembe. Kama unataka kumshukuru mtu, alisema, mpelekee sukari nyumbani kwake. Watu waliona ni roho mbaya, na mimi pia niliona hivyo, mpaka siku aliponieleza, tumekaa kwenye ngazi, bila kunitazama.

Zamani kidogo alikuwa ametoa kitabu cha kijana mmoja kuhusu shamba la ushirika lililonyakuliwa. Ukurasa wa shukrani ulimtaja mzee aliyemsimulia kila kitu: jina lake, kijiji chake, na duka ambalo alizoea kukaa nje yake akiota jua. Vijana wa chama walikwenda na kitabu mkononi. Walimkuta nje ya duka hilo hilo. Walimvunja miguu yote kwa vyuma, na mmoja wao alikuwa akimsomea ile sentensi ya shukrani wakati wenzake wanapiga. Mzee aliishi kwa muda na vidonda, kisha akafa. Mhariri aliniambia kwamba kijana hakuwa ameandika habari ya duka. Yeye Mhariri ndiye aliyemuuliza mzee anapenda kukaa wapi, akaliongeza kwa kalamu yake ili sentensi iwe na uhai. Alirudia hilo la duka mara kadhaa. Nilimwonea huruma sana siku hiyo, na nikadhani nimemwelewa.

Kitabu changu kilihusu wafanyakazi wa mashamba ya miwati, watu waliobambua magome ya miti ile tangu enzi za Wazungu, wakazaa na kuzeeka humo humo, na mashamba yalipouzwa wakaambiwa watoke. Upande wa Kaptagat, ukingoni mwa msitu, shamba moja lilinunuliwa na mheshimiwa. Wafanyakazi hawakutoka. Asubuhi moja lori likaleta vijana wenye marungu na petroli. Nyumba zote zilichomwa. Waliokimbia walipigwa wakikimbia, na waliobaki walipigwa wakiomba. Ng'ombe walikatwa mishipa ya miguu kwa panga wakaachwa wamelala, wanalia mpaka jioni. Habari hizo nilizikusanya kwa waliokuwa wamehamia kwenye vibanda vya nailoni kando ya barabara, na aliyenipa nyingi kuliko wote ni mama mmoja ambaye yeye namtaja kwa majina yake: Rasoa Nekesa. Mtoto wake wa mwisho aliteketea ndani ya nyumba.

Mama Nekesa alikubali kusema kwa sharti moja. Mtoto wake alizaliwa shambani, hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hakuwa na cheti cha kifo pia, kwa sababu polisi walikataa kuandika lolote. Na alipozikwa, trekta la mheshimiwa lililima juu ya kaburi, likapanda ngano. Kwa hiyo alitaka iandikwe kwamba mtoto yule alikuwepo, na kwamba anayesema hivyo ni mama yake mzazi, kwa jina lake. "Nisipotajwa watasema ni hadithi tu ya Mwalimu," aliniambia, maana ndivyo walivyoniita huko. Nikamwahidi.

Nilipofika kwenye jina hilo, nimesimama mbele ya meza nikisoma, Mhariri hakugonga. Aliweka rula chini, akavuta droo, akatoa wembe. Nikamwambia jina hilo haliguswi. Akaniambia basi kitabu hakitoki. Nikachukua chupa ya gundi nikamrushia, ikampata kifuani ikapasuka, gundi ikaturukia sote. Akanizaba kofi. Nikamrudishia. Ndiyo, mimi mwanamke, mwalimu wa historia, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, nilimpiga mzee wa rika la baba yangu, na sijuti. Nikabeba mswada wangu nikaondoka nikiwa nimejaa gundi mpaka kwenye nywele.

Nilihangaika nao. Mchapishaji mmoja wa Nairobi alitaka niondoe sura ya uchomaji, nibakize ya magome. Mwingine aliupeleka kwa wasomaji wa siri, kama ilivyo desturi ya vitabu vya kitaaluma, na msomaji mmoja akaandika kwamba kazi ni nzuri ila mwandishi amesahau kueleza juhudi za serikali. Wa tatu hakujibu kabisa. Mwisho nikapanda tena zile ngazi. Mhariri alinipokea kana kwamba nilitoka kununua mandazi, akasema tu kwamba ameamua: kila tanbihi itakuwa na jina kamili la mtu, na hakuna jina litakalofichwa. Nilifurahi nikataka kumkumbatia. Nilisahihisha prufu zote, zile kurasa za majaribio kutoka mashineni, isipokuwa za mwisho, ambazo alisema atazipitia mwenyewe.

Kitabu kilipotoka nilikifungua juu ya kaunta ya Hajji. Tanbihi ya kwanza ilisema aliyehojiwa ni fulani, na fulani huyo alikuwa Mhariri. Ya pili, Mhariri. Mzee aliyekatiwa ng'ombe, Mhariri. Mama mjamzito aliyepigwa rungu la tumbo, Mhariri. Na kilio chote cha Mama Nekesa, ukurasa baada ya ukurasa, chini yake jina la Mhariri. Nilipiga kelele mpaka wateja wakatoka dukani.

Wasomi nao hawakunihurumia. Kwenye semina moja ya chuo profesa alisimama akasoma tanbihi zangu kwa sauti, polepole, moja baada ya nyingine, na ukumbi ukacheka mpaka watu wakafuta machozi. Mtafiti amezunguka mashamba yote, akarudi kumhoji mhariri wake! Nafasi ya kufundisha niliyoahidiwa ilikwenda kwa mwingine. Nilirudi Eldoret nikiwa na kisirani kichwani, nikapanda ngazi, nikachukua rula yake, nikampiga nayo mgongoni, mabegani, mikononi, mpaka nikachoka. Hakujikinga. Aliniuliza tu kama nimemaliza, kwa sababu kuna prufu za kalenda zinamsubiri.

Kwa Mama Nekesa nilikwenda juma hilo hilo nikamwambia ukweli kwamba jina lake halimo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaingia kibandani mwake, akateremsha nailoni ya mlangoni.

Askari kanzu hawakukawia. Hajji aliona yote. Walimteremsha Mhariri wakimvuta kwa miguu, kichwa kikigonga kila ngazi, na walipofika chini wakamsimamisha ili watu wamwone, halafu wakampiga tena akaanguka juu ya vitambaa. Walimpeleka wapi, hakuwahi kuniambia. Yaliyotokea huko mengine alinisimulia mwenyewe, na mengine yalisimuliwa baani na mmoja wa waliompiga, aliyeona ni kichekesho kizuri.

Walitaka mashahidi. Kitabu kilikuwa mezani, wakafungua tanbihi ya kwanza, wakamuuliza nani hasa alisema maneno haya. Akasema ni yeye. Wakampiga. Wakafungua inayofuata.

"Wewe ndiye mzee aliyekatiwa ng'ombe?"

"Ni mimi."

"Na huyu mwenye mimba?"

"Ni mimi pia."

"Kwani wewe uko na mimba?"

"Ilitoka siku hiyo," Mhariri akasema.

Jibu hilo lilimvunja taya. Waliendelea na kitabu chote namna hiyo. Vidole walivibana kwenye droo ya meza, kimoja kimoja, wakiisukuma kwa goti. Kila alipoona damu yake alizimia, wakamwagia maji, wakasubiri, wakaanza upya. Aliniambia baadaye kwamba kuzimia kulimwokoa, kwa sababu mtu aliyezimia hataji mtu. Walijua anadanganya, mtoto mdogo angejua, lakini hawakuwa na jina lingine lolote mkononi. Kule kwenye vibanda hakuna aliyefuatwa. Mashine ilivunjwa kwa nyundo, vitabu vilivyobaki vikachomwa pale uani, na Hajji akalazimishwa kumwaga mafuta ya taa mwenyewe huku akilia.

Hasira yangu kwake haikuisha kwa kusikia hayo. Naona ni vizuri niliseme, maana watu hutaka kusikia kwamba nilimsamehe papo hapo. Nilimlilia usiku, na asubuhi nikakumbuka semina ile nikamkasirikia tena.

Aliachiliwa bila kesi, akahamia chumba kimoja huko Munyaka, mtaa wa pembeni mwa mji. Mama Nekesa alisikia. Akanitumia mtu niende nimchukue, nimpeleke kwa Mhariri. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, na mimi nilijua moyoni kwamba anakwenda kumshukuru.

Ilikuwa mchana, jua kali, mlango wazi. Mhariri alikuwa kwenye kiti cha mbao, mikono imelala mapajani, vidole vimepinda kila kimoja na upande wake, taya limehama. Alipomwona mgeni akajaribu kusimama kwa heshima. Mama Nekesa hakumngoja amalize kusimama. Alimzaba kofi upande ule ule wa taya bovu, kwa nguvu zake zote. Mhariri alirudi kitini, machozi yakamtoka.

"Hilo ni la jina langu," Mama Nekesa alisema. "Nani alikwambia uwe mimi?"

Mhariri akasema hakuna. Akasema kwa taabu, maneno yakimwagika upande, kwamba alitaka Mama abaki hai. Mama Nekesa akamwambia kwamba juu ya maisha yake kila mtu huamua. Mheshimiwa aliamua, vijana wakaamua, na sasa mtu wa vitabu naye ameamua, na hakuna hata mmoja aliyekuja kumuuliza. Mhariri aliinamisha kichwa. Nilimwonea uchungu.

Mama Nekesa akaketi kitandani. Nilidhani amemaliza, tutaondoka. Badala yake akamgeukia Mhariri, akasema, "Huko ndani ulisema wewe ni mimi. Ulisemaje? Sema nisikie."

Mhariri akanitazama. Nikamwambia aseme.

Aliyasema bila kitabu, kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimeenda mtoni kuchota maji, alisema. Mtoto nilimwacha amelala, ana homa. Nikaona moshi, nikatupa ndoo, nikakimbia. Kijana mmoja akanipiga rungu la goti nikaanguka, nikatambaa. Nilimsikia mtoto ananiita ndani. Nikafika mlangoni. Mlango ulikuwa umekwama.

"Haukukwama," Mama Nekesa akasema.

Mhariri akainua kichwa.

"Ulifungwa na waya. Kwa nje. Waya wa fensi, umesokotwa na koleo. Nikajaribu kuutoa na meno."

Akafungua mdomo akatuonyesha mbele, mahali meno yalipokosekana. Siku zote nilikuwa nimeamini yaling'olewa na rungu. Nikakaa sakafuni. Nilikuwa nimemuuliza habari ya mlango ule zaidi ya mara moja, na kila mara aliniambia umekwama. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaeleza bila haraka kwamba aliyefunga waya alikuwa bado anapita pale kibandani na kumsalimia, na kwamba yeye alitaka kwanza kuona kama sisi watu wa kuandika tunaweza kubeba jina dogo, lake, kabla hajatupatia la mtu yule. Akaona hata hilo dogo limetushinda.

"Lakini huyu amevunjwa vidole akisema ni mimi," alisema. "Basi asiwe mimi nusu."

Kisha akalitaja. Stefano Barasa. Yeye na Mama Nekesa walibambua magome pamoja kwenye mstari mmoja, Barasa alikula nyumbani kwa Mama, na dawa ya homa ya mtoto ni yeye aliyeileta. Siku hiyo tulipokuwa tumekaa Munyaka, alikuwa ni naibu wa chifu.

Nilingoja Mhariri akatae. Nilingoja aseme tutauawa sote, na angekuwa amesema kweli, na sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka aseme. Akaniambia nitafute karatasi, kwa sababu yeye hawezi tena kushika kalamu.

"Niandike jina la nani?" nikauliza.

"Langu na la Barasa," Mama Nekesa alisema. "Ukurasa mmoja."

Mhariri akamwomba aanze tena tangu mtoni, polepole, nami nikaandika.